Karani Aliyemwandika Baba Mkwe Wake Kuwa Mwanamke

Tunayemsindikiza leo, Mwalimu Renatus Mugeta, alizaliwa tarehe 11 Mei 1964 katika kijiji cha wavuvi kwenye rasi ya Majita, Musoma Vijijini. Alikuwa mtoto wa nne wa Mugeta na Pelagia, ambao wametangulia. Mimi ninayesoma ni Enoka Ghati, shemeji yake, mdogo wake Matrida, mjane wa marehemu. Shemeji alinitania miaka thelathini na mitano. Leo zamu yangu, ila nitajitahidi kuwa na adabu, maana padre yuko hapa.

Alisoma shule ya msingi kijijini, sekondari Musoma mjini, na ualimu Bunda, alikohitimu mwaka 1985. Alifundisha hisabati Bunda, kisha Musoma, hadi alipostaafu Mei 2024. Wengi wenu mlipiga hesabu mbele yake mkitetemeka.

Lakini kazi aliyoipenda kupita kiasi ni sensa. Alikuwa karani mwaka 1988, 2002 na 2012, na msimamizi mwaka 2022. Kuhesabu watu tu hakukumtosha. Alitaka kujua wanaume wangapi, wanawake wangapi, na kwa nini. Mwaka 2002 alipelekwa kambi za wavuvi kisiwani Rukuba, akakuta wanaume tele na wanawake wa kuhesabu kwa vidole. Akina mama wa huku nchi kavu walimjia juu: kwa nini waume zao wahesabiwe kisiwani? Akawajibu kwa upole kwamba mtu anahesabiwa alikolala, na wao ndio wanaojua waume zao wanalala wapi. Nusura apigwe. Kuhusu kitongoji chetu alikuwaga anasema kwamba wavulana wanazaliwa wengi kidogo, vijana wanaondoka kwenda ziwani na migodini, na ukifika kwenye wazee, kila babu mmoja ana bibi wawili wa kumcheka.

Ndoa yake ilianza kwa kosa la sensa. Agosti 1988 alifika nyumbani kwetu, upande wa Kiabakari, wilaya ambayo sasa ni Butiama. Alitukuta watoto peke yetu. Akauliza mkuu wa kaya ni nani, tukasema ni Baba, anaitwa Ghati, yuko shambani. Akaandika: Ghati, miaka 51, Me. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, jirani akacheka hadi akakaa chini, akamwambia Ghati ni mwanamke.

Ni kweli. Ghati alifiwa na mume akiwa hana mtoto, akatoa ng'ombe, akamwoa mama yetu Miriamu. Kwetu hiyo ni nyumba ntobhu: watoto wanaozaliwa humo ni wa aliyetoa ng'ombe. Sisi Ghati tunamwita Baba, na hatujawahi kuwa na mwingine.

Renatus alirudi kwa aibu, akamkuta Ghati amesharudi kutoka shambani. Akafuta Me, akaandika Ke. Ila pale pa mkuu wa kaya alimwacha Ghati, na mbele ya jina la Miriamu akaandika mke. Msimamizi wake aliirudisha fomu. Alisema mwanamke hana mke: ama Ghati aandikwe mwanaume, ama Miriamu aandikwe mtumishi wa ndani. Ndugu waombolezaji, mnaona hapo? Neno moja, na sisi watoto wanne tungekuwa watoto wa mtumishi, ndani ya nyumba yetu wenyewe. Renatus alikuwa na miaka ishirini na minne, kibarua chenyewe cha sensa ndicho cha kwanza, na alitishiwa kuondolewa. Alijibu, "Nimetumwa kuhesabu watu waliolala humo. Sikutumwa kuwabadilisha." Akaambatisha karatasi ya maelezo kwa mkono wake, na fomu ikaenda hivyo hivyo.

Alikuja kutuambia kwamba imepita. Akaja tena kuuliza kama tumesikia kwamba imepita. Safari ya tatu hata Ghati alielewa kwamba anamfuata Matrida. Walifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1991, wakaishi Bunda, kisha Kitaji, Musoma mjini, hadi mauti yalipowatenganisha. Palipoulizwa jina la baba wa bibi harusi, aliandika Ghati bila kusita.

Aliugua tezi dume. Dalili zilianza 2022, akaenda hospitali 2024. Aliniambia kitandani, bila kuzunguka, "Enoka, ukitaka kujua kwa nini kwenye sensa safu ya wanaume inaishia njiani, niangalie mimi. Niliumwa miaka miwili nikasema ni uchovu. Kapime." Nimepima. Na ninyi mliokaa upande ule mkijifanya hamsikii, nendeni. Alifariki tarehe 9 Januari 2026, hospitalini Musoma, Matrida akiwa amemshika mkono. Inauma sana. Sina namna nyingine ya kuisema.

Ameacha mjane mmoja. Watoto watano, me wawili na ke watatu. Wajukuu saba, me wanne na ke watatu. Na baba mkwe mmoja, ke, mwenye miaka 88. Wachapaji wa Mwisenge walisahihisha ratiba ya mazishi wakaweka "mama mkwe". Tumewarudishia nakala zote wakachapa upya.

Padre akimaliza, udongo wa kwanza utatupwa na baba mkwe. Baadhi ya wazee waliona afadhali aingie zamu ya akina mama. Asubuhi nilimpelekea ujumbe huo. Ghati alifunga kitenge chake, akachukua fimbo, akasema, "Renatus aliniandika nilivyo. Nitamzika nilivyo."

Wanaume, mpisheni baba yetu apite. Mwalimu Renatus, shemeji yangu, lala kwa amani.