Hodi ya Mwenye Nyumba

Basi lilikuwa nusu tupu, na mshonaji aliyekaa nyuma hakuwa na la kufanya ila kutega sikio. Umbeya, alijiambia, ni dhambi ndogo ukiwa huna wa kumpelekea.

Mbele yake mama mmoja alikuwa amepakata bahasha ya kaki kama kichanga. "Leo nimekabidhiwa hati," alimwambia abiria wa pembeni yake, fundi vitasa mwenye sanduku la vyuma miguuni. "Miaka kumi na moja ya kesi na shemeji zangu. Sasa nyumba ni yangu peke yangu."

"Hongera, dada! Basi badilisha kitasa leo leo. Mali yako ni ile unayoweza kumzuia mwenzio asiiguse. Bila kitasa, hati ni karatasi tu."

"Nimzuie nani, kaka? Wamehama wote. Hata wanangu wamewafuata binamu zao. Mimi mpaka leo nikifika mlangoni nabisha hodi."

Fundi akaangua kicheko. "Hodi kwako mwenyewe? Hakimu akikusikia atakunyang'anya!"

"Hakimu alinipa nyumba," mama alisema taratibu. "Wa kuniitikia 'karibu' hakunipa."

Fundi bado alikuwa na hoja, mdomo ulishafunguka, lakini basi likasimama. Mama akashuka na bahasha yake, bila kuaga.

Mshonaji alijikuta amesema, "Karibu," kwa sauti. Aliyegeuka ni fundi.