Alhamisi za Mama Bairbre

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Harrison Kibet, kaa hapo kwenye kiti chenye mto. Sisi tumezoea vya plastiki.

KARIBU

Sisi wanafunzi wa Darasa la Kiayalandi linalokutana hapa Kilburn, London, kila Alhamisi tunafurahi kukuona ana kwa ana. Tulikuandikia barua kwa Kiingereza, kimya. Tukaandika nyingine, tukajibiwa na kompyuta. Ndipo mwenzetu Mwende, muuguzi kutoka Machakos, akasema kwao kiongozi haandikiwi barua, husomewa risala mbele za watu. Tumeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ulipokuja kuomba kura ulisema Kiswahili kiko damuni mwako. Wenzetu wasiokijua wamegawiwa tafsiri, kwa hiyo usishangae ukiona Waayalandi wanacheka. Tai yako ya kijani, rangi ya Waayalandi, tumeiona, inapendeza.

HISTORIA

Waayalandi walikuja Kilburn na koleo na sururu, wakachimba njia tunazopita leo. Lugha yao wengi walikuwa wameshanyang'anywa shuleni. Huyu mzee wa shali ya bluu aliyekaa mbele yako ni Mama Bairbre. Bibi yake, alipokuwa mtoto, alifungwa kijiti shingoni. Kila akisema Kiayalandi kijiti kilikatwa alama, na jioni alichapwa kwa hesabu ya alama hizo. Mwende alipoisikia habari hiyo alicheka kwa uchungu, maana yeye shuleni alivishwa disc, kibao cha aibu shingoni, kwa kosa la kusema Kikamba. Nawe ulivishwa, Mheshimiwa. Ulitusimulia mwenyewe kwenye sherehe ya Jamhuri, ukasema ile disc ndiyo iliyokufikisha ulipo. Tulipiga makofi kwa adabu tu.

Mwende aliolewa na Máirtín, mtoto wa Mama Bairbre. Máirtín alifariki, wanawake hao wawili wakabaki nyumba moja. Mwaka juzi mama akapata kiharusi, na alipozinduka Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka. Ilibaki lugha aliyozaliwa nayo kwao Ayalandi ya magharibi. Mwende akawa anamwogesha na kumlisha bila kujua anaambiwa nini. Kutwa nzima mama alilia akirudia neno moja tu. Mwende alilibeba neno hilo hadi darasani kwetu, mwalimu akamwambia ni dirisha. Mama alikuwa anaomba dirisha lifunguliwe.

Usiku ule Mwende hakulala vizuri. Binti yake Serah, msichana wa miaka kumi na sita, hajui Kikamba hata cha kuombea maji. Mwende hakumfundisha, aliambiwa na watu wenye busara kama yako kwamba kitamharibia masomo. Sasa anaogopa, na haoni haya kusema anaogopa, kwamba siku moja naye atalala kwenye kitanda kile akililia dirisha kwa Kikamba, na mwanawe atamletea chai.

MAFANIKIO

Leo Mwende anaweza kugombana na mama mkwe wake kwa Kiayalandi, tena akashindwa. Alhamisi mama anakutana na wazee wenzake, wanasengenyana hadi chai inapoa, na akirudi nyumbani anakula. Siku nyingine hula vijiko viwili akageukia ukuta.

Mafanikio makubwa zaidi ni yako, Mheshimiwa. Umelikarabati jengo hili, na juu ya mlango umepandisha jina la Kiayalandi: Tearmann, yaani mahali pa kukimbilia. Ubao ulipopandishwa, sisi wajinga tulipiga vigelegele. Mama Bairbre alilisoma jina hilo kwa sauti, akalirudia, akatushika mikono mmoja mmoja. Tulidhani darasa limepata kwao. Mwende alikaanga mahamri, tukayapeleka ofisini kwako kutoa shukrani. Karani wako alikula mawili, akafuta vidole, ndipo akatueleza kwamba chumba chetu mwezi ujao kinakuwa ukumbi wa mazoezi wa wapangaji wapya.

"Na hilo jina?" Mwende akauliza.

"Oh, that's just branding, my dear," akajibiwa, yaani jina la kuvutia biashara tu.

Sahani tuliiacha hapo hapo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuichukua.

CHANGAMOTO

Mwende alikupigia simu jioni hiyo, akaweka sauti ya nje tukasikia sote. Usisumbuke kukumbuka, tutakukumbusha.

"Mwende, dada yangu," ulisema, "wewe ni Mkamba. Mambo ya Kiayalandi yanakuhusu nini? Hao watu wote wanaongea English."

"Huyu hana English tena, Mheshimiwa. Iliisha na stroke."

"Basi mwekee app kwa simu. Kuna app nzuri sana siku hizi."

"App haiwezi kumsengenya jirani."

Ukacheka, ukakata. Mheshimiwa, umechukua lugha ya watu ukaitundika mlangoni kama pazia, kisha ukawatoa nje wenye kuisema. Wakoloni walau hawakutuomba tupige picha nao. Tena kila mwezi Machi, kwenye sikukuu ya Waayalandi, unanyanyua glasi na kusema *sláinte*, yaani afya, neno lako moja, na watu wanakusifu kwa kuheshimu tamaduni. Tunakudharau kwa hilo. Tumetafuta neno la heshima zaidi katika lugha zetu zote na hatukulipata.

MAOMBI

Ombi letu ni moja. Kwa desturi yetu mgeni rasmi hujibu risala kabla ya chakula, akiwa amesimama. Pilau iko tayari na itasubiri.

Mama Bairbre tumemvalisha vizuri, tumemweleza kwamba leo amekuja mkubwa wa kumwambia Alhamisi ijayo aende wapi. Hatukumwambia chumba kimechukuliwa. Kila aliyejaribu alishindwa, hata Mwende. Basi simama, Mheshimiwa, umtazame machoni, umwambie wewe. Sema kwa lugha yoyote utakayo. Mwende amekaa kando yake, atamtafsiria neno kwa neno.

Mwenyezi Mungu akujalie uzee mrefu, na ndani ya uzee huo akubakizie mtu mmoja wa kuelewa unachosema.

Ni sisi,
Darasa la Kiayalandi la Alhamisi, Kilburn, London.
Imesomwa na Mbarouk, katibu.