Dzombo Kaingu na Njia ya Bodo

Marehemu Dzombo Kaingu Tsuma alizaliwa karibu na Samburu ya Waduruma mwaka 1921, wakati wa mvua za vuli, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kaingu Tsuma. Mama yake alikuwa akiwasimulia wakwe wote walioingia katika nyumba hii kwamba mtoto huyo alijua kutembea kabla hajajua kukaa. "Nilimfunga kamba mguuni kama mbuzi," alisema, "akaondoka na kigingi."

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1930 hadi darasa la nne. Alikuwa na akili nyepesi, lakini karibu kila asubuhi alichelewa, kwa kuwa hakupenda kupita njia moja siku mbili mfululizo. Siku moja mwalimu alimuuliza mbele ya darasa, "Dzombo, kwani shule imehama?" Akajibu, "La, mwalimu. Leo nimeijia kwa mgongoni." Alichapwa, na kesho yake akatokea upande mwingine.

Alipotoka shule alivunja kokoto katika barabara kuu ya Nairobi, akapika chai na maharage ya madereva wa malori pale Samburu, na mwaka 1944 akateremka pwani, Ramisi, kwenye mashamba ya miwa. Huko alijifunza upishi wa wageni. Alijifunza pia Kidigo, Kihindi cha dukani, na baadaye Kifaransa alichokizungumza kwa lafudhi ya Kiduruma bila aibu yoyote. Ramisi ndiko alikojuana na Mzee Mselem Makame wa kijiji hiki cha Bodo, aliyempa kipande cha ardhi ajenge. Tarehe 6 Agosti 1949 alifunga ndoa kanisani na Jumwa Mwinga, wakajaliwa watoto wawili, Nzai na Chiku.

Mwaka 1957 mhandisi Mfaransa ambaye marehemu alikuwa akimpikia alirejea kwao Ufaransa, akamwomba waende pamoja kwa miaka miwili. Ikawa sita. Familia ile iliishi chini ya Vezelay, mji wa kale uliokaa juu ya kilima, wenye ukuta wa mawe na kanisa kubwa ambalo mahujaji wamelijia kwa miguu karne nyingi. Jumapili, akishaandaa chakula cha mchana, marehemu alikuwa huru, na hakuweza kukaa chumbani. Alitoka kwa lango la ukuta, akateremka kati ya mizabibu na kuta fupi zilizoota kuvu, akauvuka mto Cure kwa daraja la mawe, akaingia kwenye misitu ya mialoni ambako tope lilimvua viatu. Alipita katikati ya malisho ya watu, penye ng'ombe weupe wanene, akawaamkia kwa Kiduruma, lugha ya watu wanaojua ng'ombe. Mwanzoni watu walimchungulia madirishani. Baadaye walimpa mvinyo, ambao hakuunywa, na jibini, ambayo aliila kwa ujasiri.

Huko msituni alimkuta mzee Faustin, tarishi aliyestaafu, akipaka rangi kwenye shina la mti.

"Umepotea?" Faustin akamuuliza.

"Sijapotea. Natembea."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui bado."

"Basi wewe ni mwenzetu. Shika kopo."

Ndivyo alivyojiunga na wazee waliozitunza njia za miguu za upande ule. Alama zao zilikuwa nyepesi kusomeka: mstari mweupe juu na mwekundu chini, maana yake endelea, mistari hiyo ikipitana msalaba, maana yake si huku. Kila mwaka majira ya baridi yakiisha, watu wa vijiji walizitembea njia zote kwa pamoja, hata zile zisizoelekea popote pa maana. Marehemu aliona ni mchezo wa watu wenye nafasi. Siku moja Faustin akamwonyesha shamba la ngano. Palikuwa na njia pale, akamwambia, ya kwenda kwenye kinu, lakini tangu vita hakuna aliyeipita, na mwenye shamba akailima. Watu walipokwenda kulalamika, aliwauliza swali moja: "Nani kati yenu aliyepita hapa mwaka jana?" Wakageuza, wakarudi kwao.

Mpwa wake, anayewasomea wasifu huu, alifika huko mwaka 1967 na akazikuta alama hizo, nyingine za mkono wa mjomba wake, kwa kuwa zilikuwa zimepakwa juu kidogo kuliko za wenzake. Faustin alikuwa mfupi.

Marehemu alirudi nyumbani Desemba 1963 ili auone uhuru kwa macho yake. Jumwa alikwenda kumpokea Kilindini. Alimtazama, akatazama sanduku, akasema, "Baba Nzai, umerudi au unapita?"

"Nimerudi, Mama Nzai."

"Tutaona," akasema Jumwa, na akambebesha sanduku lake mwenyewe.

Haikuwa rahisi. Alianza kupika katika hoteli za Diani, akaziacha, akaanza tena. Jioni alikuwa akisimama mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Jumwa alikuwa akimwambia, "Kaa chini, unanichosha mimi niliyekaa." Kisha, mwaka 1966, tajiri mmoja kutoka nje alinunua shamba la minazi lililo kati ya Bodo na barabara kuu, akalizungushia waya. Njia ya miguu ya Bodo, ambayo wengi wenu mmeijia leo, inakatiza shamba hilo. Ndiyo inayompeleka mgonjwa barabarani apate gari la kwenda hospitali ya Msambweni, ndiyo ya samaki kwenda sokoni, ndiyo ya watoto kwenda shule. Kuzunguka ukingo wa mikoko ni nusu siku, na maji yakijaa hakuzungukiki. Mlinzi aliyewekwa, kijana Garama, aliwainulia watu waya wakapita. Watu wakaridhika. Marehemu hakuridhika. Aliliona lile shamba la ngano.

Iliposikika kwamba maofisa wa ardhi watakuja kupima, alinunua rangi. Bila kumwambia mtu, alipaka njia nzima kwa alama za kule Vezelay, mnazi kwa mnazi, mweupe juu na mwekundu chini. Penye kichochoro kinachoingia jikoni kwa jirani yake Bi Khamisa Seifu, ili mgeni asije akapotelea humo, alichora msalaba.

Asubuhi Bodo iliamka, ikaona rangi. Ni nani hapa asiyejua rangi kwenye mnazi ina maana gani? Mnazi uliopakwa rangi ni mnazi uliopimwa, na uliopimwa umechukuliwa. Bi Khamisa aliutazama msalaba ulio ubavuni mwa jiko lake, akaanza kufunga vyungu vyake kwenye mkeka. Kufikia saa nne watu walikuwa wamejaa uani kwa marehemu.

"Dzombo, umeniuza!" Bi Khamisa alipaza sauti. "Nimekulisha pweza wangu, wewe unanitia alama!"

"Dada yangu, msalaba maana yake si huku."

"Si huku wapi? Huko ndiko niliko!"

Mzee Mselem hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza marehemu zaidi. Alisema, "Tulikupa ardhi, bwana. Mtu wa kuja tukamfanya ndugu. Na wewe unatupimia?"

Marehemu hakujitetea kwa maneno mengi. Alichukua panga, akaenda akiikwangua alama moja baada ya nyingine, na kundi zima nyuma yake likihakikisha. Alipomaliza, mikono ikiwa na malengelenge, aliwaambia mbele ya lango la tajiri: "Rangi nimeitoa. Lakini yule atakayekuja kupima atatuuliza kama hapa panapitwa. Mimi nitapita kila Jumamosi, mchana kweupe, niwe na shughuli au nisiwe nayo. Anayetaka anifuate."

Jumamosi ya kwanza walikuwa yeye na Jumwa tu. Watoto waliwaimbia nyimbo za kuwacheka. Garama alisema, "Mzee, nimeambiwa nisimfungulie mtu."

"Usinifungulie, mwanangu. Shika tu huo waya, usinichane shati."

Wiki ya nne Bi Khamisa alitokea na kikapu cha samaki kichwani, akasema yeye hamfuati mtu, anakwenda sokoni. Mwaka ulipokwisha Bodo nzima ilikuwa na shughuli za Jumamosi upande ule. Mzee Mselem alikuwa wa mwisho kuja. Alimpita marehemu, akasema bila kugeuka, "Hatua ndefu, ndugu yangu, au ndio umezeeka?" Marehemu alisimulia neno lile, "ndugu yangu", mara nyingi kuliko alivyosimulia habari za Ufaransa.

Mapema mwaka huu alipata kidonda kwenye unyayo wa kulia, akakificha, kwa sababu alijua ataambiwa apumzike. Kilikuwa cha kisukari. Alilazwa hospitali ya Msambweni mwezi wa Mei, na mguu ukakatwa chini ya goti. Wauguzi walimhudumia kwa upole, nasi tunawashukuru. Alipozinduka alisema kuhusu mguu huo, "Umetangulia mahali, sijui wapi. Ndivyo ulivyo sikuzote." Kila Jumamosi Bi Khamisa alifika kitandani na uji, na kila mara aliulizwa jambo moja.

"Mmepita?"

"Tumepita, kaka. Kunywa uji."

Wiki mbili zilizopita jibu la Bi Khamisa lilikuwa jingine. Tajiri alikuwa ameifunga njia kwa lango jipya la chuma lenye kufuli, na hatimaye maofisa wa ardhi walikuwa wametangaza kufika Bodo Jumatatu tarehe 24 Agosti. Siku ile watu walikuwa wamezunguka kwenye mikoko. Marehemu akamgeukia Jumwa, akamwambia, "Mimi msinizungushe."

Alifariki Jumanne tarehe 18 Agosti 1970, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Ameacha mjane, Jumwa Mwinga. Mwanawe Nzai, wa Mombasa. Binti yake Chiku, mwalimu. Dada yake Mbodze, wapwa, mjukuu mmoja, na ndugu yake Mselem Makame.

Makaburi ya kanisa yako ng'ambo ya barabara kuu. Juzi mchana Garama, anayeshika ufunguo wa lango, alikuja kutoa pole, akakaa na wanaume, chai ikapoa mkononi mwake. Alipoaga alimwendea mjane.

"Mama, Jumamosi mtampitisha wapi?"

"Pale pale anapopita," Jumwa akamjibu.

Kijana aliangalia chini. Kazi ni yake, na ana watoto. Kisha akasema, "Basi nijulishwe saa."

Ni saa nane, Garama, na wewe uko hapa unasikia. Leo ni Jumamosi. Waliozoea njia watangulie na jeneza, wageni wafuate nyuma yao, na kila mmoja akanyage kwa uzito, kusudi nyayo zetu ziwe bado ardhini Jumatatu. Dzombo Kaingu, zamu ya kutembea sasa ni yetu. Wewe kaa chini, mjomba, upumzike kwa amani.