Mzee Penseli na Benchi la Juu ya Ngazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, Ijumaa hii saa kumi kamili jioni, karani wetu wa masjala, tunayemwita Mzee Penseli, atafunga kabati la mafaili kwa mara ya mwisho. Kabati lenyewe halifungi sawasawa, ila yeye anajua mahali pa kulipiga teke.

Alianza kazi wakati kliniki yetu ya magonjwa sugu ikiwa chini, karibu na lango. Baadaye uongozi uliona vyumba vile vinafaa zaidi kwa ofisi zake, kliniki ikahamishiwa ghorofa ya tatu. Wagonjwa wa presha, wa kisukari na wa moyo wakaonyeshwa lifti. Mwaka uliofuata lifti ikaharibika. Tangazo mlangoni mwake linasema inatengenezwa. Sasa ni mwaka wa tisa, na tangazo limeshabadilishwa mara mbili kwa kuchakaa.

Vidato ni hamsini na vinne. Anayefika juu hukutana moja kwa moja na meza ya vipimo, na mpimaji ni mimi ninayewasomea wasifu huu. Kwa miaka mingi niliwapima watu wakiwa bado wanahema, nikaandika namba ya presha, daktari akaiona, akatikisa kichwa, akaongeza dawa. Tulikuwa hodari kwelikweli. Watu walirudi nyumbani na mifuko ya vidonge, wakashikwa na kizunguzungu, mmoja akaanguka bafuni, nasi tukazidi kuwahubiria wapunguze chumvi. Mpaka leo naona aibu.

Aliyegundua kosa letu hakuwa daktari wala mimi. Mzee Penseli, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa faili na kulirudisha, alianza kuandika pembeni mwa kurasa maneno mawili kwa penseli: "Amepanda ngazi." Akapewa barua ya onyo kwa kuchafua nyaraka. Aliipokea kwa heshima zote, akaitia kwenye faili lake la utumishi, na pembeni akaandika: "Imesomwa." Jina likamganda tangu siku hiyo.

Kisha likaja dodoso la ubora wa maisha, maswali sitini na mawili. Wagonjwa waliulizwa kama wanalala vizuri, kama wanacheka, kama wana matumaini. Bibi mmoja mwenye mguu mbaya aliulizwa ni nini hasa kinachomharibia maisha. Alijibu, "Ngazi zenu, mwanangu. Ugonjwa nimeshauzoea." Jibu hilo halikuwa na kisanduku chake, kwa hiyo tuliliweka kwenye Mengineyo, pamoja na mengine mia moja na kumi yanayofanana nalo.

Wiki ileile benchi refu la ukumbi wa mikutano likatoweka. Lilionekana juu ya ngazi, nje ya mlango wa kliniki, na Mzee Penseli amesimama kando yake. Hakuna aliyepita kuja kwangu kabla ya kukaa robo saa. Haukuisha mwezi, namba zikashuka, daktari akaanza kupunguza dozi, na yule bibi akanisimulia kwamba amerudia kazi yake ya kushona. Uongozi ulifurahi mno. Ripoti ilieleza kuwa mafanikio yametokana na mabango ya rangi yaliyobandikwa na uongozi, yale ya watu wanaokimbia huku wanatabasamu. Mkuu alipewa cheti. Kimetundikwa ofisini kwake, hatua nne kutoka langoni.

Mzee Penseli hakudai kitu. Anakunywa chai yenye sukari ya kututia aibu, anakoroma kwenye semina, na tangu mwaka jana naye ana faili la mgonjwa katika kabati lake mwenyewe: presha. Tarehe yake ni Jumanne ijayo, saa mbili asubuhi, na atapanda kama wengine.

Waheshimiwa wageni wa safu ya mbele, benchi mlilokalia ndilo hilo. Limeshushwa asubuhi kwa ajili ya sherehe hii, na nasikia halitarudi juu, kwa kuwa orodha ya vifaa inasema ni mali ya ukumbi. Naomba hotuba zikiisha mlishike huku na huku, mpande nalo vidato vyote hamsini na vinne. Mkifika juu nitawapima papo hapo, kama tulivyozoea.

Ahsante, Mzee wetu. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na wajukuu wasiokufichia miwani. Jumanne utalikuta benchi mahali pake, hata ikibidi nilibebe peke yangu. Kaa kwanza.