Athanasie wa Batsinda na Masomo Yasiyo na Cheti

Wasikilizaji wapendwa, leo nimekaa mbele ya kipaza sauti nikiwa sijui nianzie wapi. Kwa kawaida nikifika hapa huwa nimeshamwelewa marehemu. Huyu sijamwelewa. Watoto wake nao hawajamwelewa. Basi tumtafute pamoja.

Jina lake Athanasie Nyirarukundo. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka sitini na minane. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Athanasie Nyirarukundo, mkazi wa Batsinda hapa Kigali, ametutoka.

Alizaliwa Bujumbura, akakulia huko, akaja Kigali akiwa mtu mzima. Kwa miaka ishirini na miwili alishona sare za shule pale Nyakabanda. Mumewe alifariki mapema, akalea peke yake watoto wawili, Aimable na Belyse. Hapo hakuna cha kushangaza. Mambo yalianza alipoacha cherehani, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Jumapili moja kanisani alimwona mwalimu wa kwaya ameshika karatasi yenye nukta nyeusi. Akamuuliza, "Hizo nukta zinasema nini?" Mwaka mzima akajifunza kusoma muziki. Alipoweza, akaacha. Na hakuwahi kuimba kwaya, wasikilizaji. Hata siku moja.

Kisha mafundi wakachimba shimo la maji machafu nyuma ya nyumba yake. Akaona udongo mwekundu, chini yake mweupe, chini yake jiwe. Akataka kujua kwa nini. Akamtafuta mzee mmoja mstaafu wa kazi ya madini, wakaenda hadi Kabuga kutazama miamba. Akarudi na mawe ndani ya mkoba wake wa kanisani.

Binti yake, Belyse, ameniambia hivi: "Nilikuwa namuuliza, Mama, unachaguaje? Ananijibu, nachagua vile vilivyonipita nikiwa nimeinama nashona."

Aimable, yule mtoto wa kiume, aliogopa. Alidhani mama anaanza kupoteza akili. Akampeleka kwa daktari. Daktari akauliza leo ni tarehe ngapi. Mama akajibu. Akauliza majina ya watoto. Akajibu. Kisha Mama Athanasie akasema, "Daktari, hayo nayajua. Huna swali la kitu nisichokijua?"

Daktari alicheka. Aimable hakucheka.

Halafu likaja somo la tatu. Kiarabu.

Pale Nyakabanda kuna kibao cha zamani chenye maandishi ya Kiarabu, juu ya duka ambalo siku hizi linauza simu. Alipita chini yake miaka yote ile ya cherehani. Sasa akamtafuta Mwalimu Sangwa, Mwislamu anayefundisha watu wazima kila Jumamosi asubuhi, kwenye chumba cha uani kwake. Baada ya miezi mitatu akaenda kusimama chini ya kile kibao, akakisoma herufi kwa herufi. Kimeandikwa: viatu. Viatu tu! Belyse alikuwepo. Anasema mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Parokiani watu wakaanza kunong'ona. Athanasie kabadili dini. Aimable akaja juu.

"Mama, kibao umeshakisoma. Si basi?"

"Kibao kimekwisha, mwanangu. Herufi hazijaisha."

"Kwani unatafuta nini?"

"Sijui."

"Unatuaibisha, na hujui kwa nini?"

"Ndiyo. Sijui."

Aimable akaondoka. Hakukanyaga Batsinda miezi minne. Narudia, miezi minne. Siku ile ya Jumanne akapigiwa simu na dada yake.

Mama alizikwa Alhamisi. Kesho yake Aimable akakuta daftari kabatini. Kurasa na kurasa za Kiarabu. Alifikiri ni sala. Jumamosi akalipeleka kwa Mwalimu Sangwa.

"Mwalimu, nisomee. Nataka kujua mama yangu alikuwa nani."

Sangwa akavaa miwani. "Nyumba. Mlango. Ndizi. Ndizi. Ndizi." Akafunua ukurasa mwingine. "Ndizi."

"Mbona ndizi nyingi hivyo?"

"Herufi ya mwisho ilimshinda. Alisema haendelei mbele mpaka imkae mkononi."

Aimable ameniambia mwenyewe: "Nimemnunia mama miezi minne kwa ajili ya ndizi." Kisha akaongeza, "Na hata sasa sijaelewa."

Wanafunzi wengine wakaanza kuingia. Dereva wa lori. Mama mmoja muuza vitambaa. Mwalimu hakumfukuza Aimable, wala hakumkaribisha. Naye akabaki kwenye kiti. Akakaa saa mbili nzima.

Nikamuuliza, ulielewa nini?

"Hakuna. Nimepewa ukurasa mmoja wa kuandika nyumbani. Nimeuandika. Ni mbaya kabisa."

Belyse, Aimable, na jamaa wote wa Mama Athanasie, hapa na kule Bujumbura, poleni sana. Mukomere, jipeni moyo. Mungu ampokee mama yenu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo sina fundisho la kuwaachia. Ila kama nyumbani kwako kuna mtu anayejifunza kitu usichokielewa, na mmenuniana, mpigie simu. Usingoje kwanza umwelewe. Muulize tu amefika ukurasa wa ngapi.