Diski Iliyoshika Mipaka ya Mashamba Yetu Yastaafu

Wengi hukosea hapa: wakipata diski mpya, huburuta mafaili yote kwa kipanya, huyabandika upande wa pili, kisha husubiri kompyuta iamke. Haiamki. Mafaili ni majani tu. Mfumo endeshi, ule unaoiamsha kompyuta, ndio shina lenye mizizi, na hapa kijijini kwetu Ipinda hakuna mtu aliyewahi kuhamisha mgomba kwa kupanda majani.

Somo hilo tumelipata tukimuaga mwenzetu, diski ya kompyuta ya chama chetu cha wakulima wa mpunga, aliyestaafu Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, baada ya miaka kumi na minne ya utumishi bila likizo.

Mstaafu aliajiriwa Machi 2011 kutunza ramani ya mashamba ya wanachama 212. Kila masika maji hufuta matuta, kila jirani huibuka na kumbukumbu yake, na yeye peke yake alikumbuka bila kuwa na shamba. Mwaka 2019 maji yalipoingia ofisini, katibu wetu, Mama Anyosisye, aliibeba kompyuta kichwani hadi barabarani, huku mkoba wake ukielea kuelekea ziwani. Mkobani ndimo ilimokuwa sidii ya programu inayofungua ramani. Tangu siku hiyo programu ilibaki ndani ya mstaafu tu.

Uzee ukaingia. Mama Anyosisye alikuwa akiwasha kompyuta, anakwenda sokoni, anachagua ndizi, anasalimiana na ukoo mzima wa muuzaji, anarudi. Mstaafu bado anaamka. Kisha ukaanza mlio, ka-ka-ka, kama kuku anayedonoa bati. Na mkutano wa kurudisha mipaka ulikuwa Jumamosi.

Jumatano Mama Anyosisye aliburuta mafaili yote hadi kwenye diski mpya, akaifunga ndani, akawasha. Kioo kikabaki cheusi.

“Mama, umeiua!” alipaza sauti mwenyekiti, Mzee Anyelwisye.

“Sijaiua, Mzee. Imenuna.”

Ijumaa fundi wa kompyuta, Salehe, alifika kwa bodaboda kutoka Kyela mjini. Alimrudisha mstaafu mahali pake, akaiunganisha diski mpya kwa waya, na kwa programu maalumu akanakili diski nzima, shina na mizizi, kwa saa tatu. Mstaafu aligonga, akanyamaza, akagonga tena. Mzee Anyelwisye aliomba kimoyomoyo, kwa sauti iliyosikika hadi nje.

Kazi ikaisha. Diski mpya ikafungwa pembeni ya ile ya zamani, kompyuta ikawashwa. Ka-ka-ka! Mstaafu alikuwa ameripoti kazini kama kawaida.

“Huyu amestaafu kwenye barua tu,” Salehe alicheka. Akaingia kwenye mipangilio, akaiambia kompyuta ianze na diski mpya. Safari hii iliamka kabla Mama Anyosisye hajaufikia mlango na kikapu chake. Alisimama pale amekasirika kidogo. Sasa angeaga vipi kwenda sokoni?

Jumamosi ramani ilifunguka mbele ya wote, Salehe akiwa kwenye kompyuta. Ilionyesha kuwa tuta la mwenyekiti limeingia hatua mbili kwa jirani yake, Wilson.

“Hebu fundi, muulize na yule wa zamani,” alisema Mzee Anyelwisye. “Huenda ana maoni tofauti.”

“Hii ni nakala yake, Mzee. Hajabadili neno,” Salehe alijibu.

“Ndaga fijo, diski!” Wilson alishukuru kwa sauti kubwa.

Jumatatu mwenyekiti alilisogeza tuta kwa jembe lake mwenyewe.

Mstaafu sasa amelala kabatini, amefungwa kanga ya Mama Anyosisye. Hatutamfuta kwa mwezi mzima, hadi mrithi azoeleke. Tunamshukuru kwa kutuzuia tusipigane miaka yote hiyo, na tunamwombea usingizi ambao hakuna swichi itakayouvunja.

Nawe msomaji, leo hii nakili diski yako nzima, kabla haijaanza kugonga.