Babu Nati na Spana Fupi Aliyoichagua

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Babu Nati anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereji yetu ya pikipiki. Aliingia kama mfagiaji, anatoka fundi mkuu. Katikati hapo amefunua injini nyingi kuliko sufuria alizofunua mkewe, na hesabu hiyo tumepewa na mkewe mwenyewe.

Nimeombwa kuandika kwa sababu benchi langu linatazamana na lake, si kwa sababu ni msomi. Shule niliiacha mapema. Nitasema ninachokijua.

Zamani tulikuwa na mtindo wetu hapa. Nati ikishakazwa, fundi anaongeza robo mzunguko. Tuliiita "ya baraka". Hakuna pikipiki iliyotoka bila baraka, na aliyekuwa na baraka nzito kuliko wote ni Babu Nati.

Miaka sita iliyopita mkunga mmoja alileta pikipiki yake kubadilisha oili. Babu akaifunga nati ya chini ya injini, inayozuia oili isimwagike, akatia ya baraka, na meno ya ndani yakakatika bila mtu kujua. Njiani oili ikavuja yote, injini ikagoma, mkunga akaenda kuzalisha kwa miguu. Alimkuta mama ameshajifungua peke yake, mzima, kwa bahati tu. Aliporudi hakutukana. Alisema, "Mafundi, mngenifungia kidogo tu, ningefika."

Bosi alishaanza kueleza kwamba nati ilikuwa mbovu. Babu Nati akamkatiza: "Mkono ni wangu, bosi. Usikisingizie chuma." Kesho yake akadai spana ya kipimo, ile unayoipangia namba ya nguvu ya kukaza, nayo inalia ka! nati ikifika pale inapotakiwa.

Kuichagua kulituchukua siku tatu. Muuza vifaa alileta moja ndefu, inayong'aa, na bosi akaipenda kwa urefu wake. Babu akavaa miwani ya kuazima, akasoma namba za kwenye mpini: arobaini mpaka mia mbili. Akasema hiyo ni ya lori. Nati nyingi za pikipiki zinataka kumi, ishirini, ishirini na tano. Spana inayoanzia arobaini itakaa kimya mpaka meno yaishe. Akachagua fupi, tano mpaka sitini, na akatuonya tusizitegemee sana namba za mwanzo na za mwisho, maana kipimo huaminika zaidi katikati. Kwa nati kubwa za ekseli ya nyuma, tungeazima spana kwa majirani wanaotengeneza magari.

Bosi alinuna, akasema spana kubwa inaweza kazi ndogo. "Hata shoka linaweza kunyoa ndevu," Babu akamjibu. "Anza wewe, bosi."

Kununua ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa sisi. Spana ikilia, mkono bado unataka baraka. Mwaka mzima alizunguka mabenchini akisema, "Imelia, iache. Imelia, iache."

Naye hakujisamehe. Kila Jumatatu alifumba macho, akakaza nati kwa spana ya kawaida mpaka alipoamini ni ishirini, kisha mmoja wetu akapima. Miaka yote ilikuwa kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Mwaka huu, mwezi wa pili, ikaja thelathini. Wiki iliyofuata, kumi na mbili. Aliziandika zote ubaoni kwa chaki, wateja wakiona. Vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi.

Aliposema anastaafu, bosi alimsihi abaki miaka miwili zaidi, kwani spana ipo na inapima. Na sisi tulimsihi. Tulio mbali na kwetu hatuna wazee wengi wa kutukaripia. Akatueleza jambo ambalo sikulijua kwa miaka yangu yote ya kushika spana. Nati iliyoingia upande, meno yake hayajashikana sawa, nayo hufika kwenye namba, na spana hulia vilevile. Anayejua kwamba imeingia upande ni kidole, mwanzoni kabisa, kabla spana haijaguswa.

"Kidole changu hakisemi tena, wanangu," alisema. "Nikibaki, siku moja nitamuua mtu, na spana itaniambia nimefanya vizuri."

Angeweza kunyamaza. Mshahara ungeingia, na sisi tungeendelea kumwita fundi mkuu.

Babu, asante kwa ukali wako na kwa kutucheka tulipostahili. Mkeo ametuomba tukwambie kwamba bawaba za nyumbani hazina shida yoyote, usiziguse. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na maisha mema pamoja naye. Wanaopita barabarani kwa pikipiki zilizotoka hapa hawatajua kamwe kwamba mtu aliiacha kazi aliyoipenda ili wao wafike. Sisi tunajua.